Bunduki Namba Saba Inang'ata

Watu wakisikia kwamba Jerusha Kagendo alifanya kazi ya bunduki Doha, wanamwazia amevaa magwanda na kukunja uso. Wapi! Alikuwa anavaa shati la zambarau lenye jina kifuani, na kazi yake ilikuwa ndani, kwenye baridi ya AC, katika klabu moja ya kulenga shabaha. Siku za wanawake aliwaonyesha mabibi wa pale namna ya kuegemeza bunduki begani. Bunduki zenyewe zilikuwa ndogo, zile zinazojipakia: ukivuta triga inalia, risasi nyingine inaingia, unavuta tena. Kazi safi. Kabla ya hapo alikuwa ameosha vyoo vya jumba moja la ghorofa tatu kwa miaka sita, kwa hiyo alijua maana ya kusimama mahali pa baridi na kuitwa "miss".

Ila kila mhudumu alikuwa na bunduki yake kwa namba. Jerusha alipewa namba saba, na namba saba ilikuwa inang'ata.

Triga yake ilikuwa nzito, tena inakwaruza ndani kama mlango wa mabati uliojaa mchanga. Ukiikaza, kidole kinateleza chini, kinafika kwenye ncha yake kali ya chini. Bunduki ikilia, nyama ya kidole inabanwa katikati ya triga na duara la chuma linaloizunguka. Kwa mtu mwenye vidole vyembamba si neno. Jerusha alikuwa na vidole vya kuchuma chai Chuka, na juu ya chai, sabuni ya miaka sita. Kila mlio ulimfinya kama koleo. Jioni alirudi chumbani kwao Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la mboga, kidole kimevimba hata kushika kijiko ni taabu.

Angevumilia, maana kuvumilia alikuwa amesomea. Shida ilikuwa mtihani. Kila mwaka wahudumu walipimwa, kila mmoja na bunduki ya namba yake. Anayefeli anarudishwa kwa kampuni ya ulinzi iliyomleta klabuni, na mwaka ule kampuni ilikuwa inatafuta watu wa geti huko Al Wukair, kwenye nyumba zilizokuwa bado zinajengwa, ambako kivuli pekee ni chako mwenyewe.

Akamwendea Oloo, msimamizi wao, mtu wa Ahero, mrefu kama mlingoti na mwoga kama kifaranga.

"Bwana Oloo, hii saba irekebishwe. Inanila."

"Mama Kendi," Oloo akamwita kwa jina la mwanawe, "unajua mimi siwezi kugusa skrubu hata moja. Zote zimepakwa rangi nyekundu. Ikikwanguka, mimi na wewe tuko kwa ndege."

"Basi nibadilishie namba."

"Namba zimeandikwa ofisini. Ngoja Abu Rami."

Abu Rami alikuwa fundi wa silaha, mzee wa Kijordani mwenye miwani ya kamba, aliyekuja mara moja kwa mwezi na kisanduku chake. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzifungua. Jerusha akangoja. Huku akingoja alijitibu mwenyewe. Alifunga plasta, kidole kikawa hakisikii triga iko wapi. Akavaa glovu, akaambiwa avue. Akapaka Vaseline, Oloo akapiga kelele kana kwamba ameona nyoka: mafuta kwenye silaha! Akajaribu kuvuta kwa ncha ya kidole, kikachoka katikati ya safari na bunduki haikulia kabisa, wateja wakacheka.

Shamira, Mganda wa Masaka aliyekaa naye chumba kimoja, mwenye bunduki namba nane, ndiye aliyemwonea huruma. Yeye alikuwa na Kiarabu kidogo cha madrasa, na kila mwanamke alimwita nyabo, yaani mama, kama kwao.

"Nyabo, huyo mzee hajui Kiswahili wala Kiingereza chake si kizuri. Triga wanaita zinad. Mwambie hivi: fi mushkila, zinad. Kisha mwonyeshe kidole. Akikiona tu ataelewa."

"Fi mushkila, zinad," Jerusha akarudia. Kuna shida, triga. Maneno matatu. Aliyasema kwenye basi, akayasema akipiga pasi shati, akayasema akisubiri zamu ya bafu, mpaka Shamira akamwambia, "Wewe sasa unaenda kuolewa na huyo mzee."

Siku ikafika. Abu Rami akaingia na kisanduku chake, akapita meza kwa meza, Oloo nyuma yake amebeba kadi. Kadi ya kijani ni bunduki nzima, nyekundu ni ya kutengenezwa. Mzee alikuwa anainua bunduki, anachungulia, anauliza mhudumu bila kuinua macho. Jerusha alikuwa amesimama na kidole chake tayari, kimewiva kama nyanya.

"Fi mushkila?" Abu Rami akauliza.

"Mafi mushkila, baba," Jerusha akajibu.

Hakuna shida, baba! Ndivyo alivyosema, na tena kwa tabasamu.

Msimcheke. Hayo ndiyo maneno ya kwanza mtu hujifunza akishuka ndege, kabla hajajua hata maji yanaitwaje. Kule kwenye jumba la ghorofa tatu yalikuwa ndiyo kazi yenyewe. Madamu akiuliza umechoka, mafi mushkila. Pasi imekuunguza, mafi mushkila. Watoto wametapika kwenye shuka ulizotandika sasa hivi, fi mushkila? Mafi, madamu, mafi. Miaka sita mdomo ulijibu kabla kichwa hakijasikia swali. Sasa swali lilikuja kwa sauti ileile, ya mtu anayetazama kitu kingine, na mdomo ukajibu ulivyozoea.

Kadi ya kijani ikaning'inizwa kwenye namba saba. Mzee akasonga kwa Shamira.

Jerusha akafungua mdomo kumwita, na hapohapo mteja akakaa mezani pake na binti zake wawili. Mhudumu haruhusiwi kusogea bunduki ikiwa mezani na mteja amekaa. Akabaki pale, anamsaidia bibi kuvaa vizibo vya masikio, macho yakiwa kwenye ukuta wa kioo. Alimwona Abu Rami akifunga kisanduku. Alimwona akinywa maji. Alimwona akitoka kwenda kwenye gari lake, na mteja alikuwa bado anauliza hapa mtu anafunga jicho gani.

Alipopata nafasi alimkimbilia Oloo.

"Mpigie arudi."

"Nimwambie nini? Ameuliza, umejibu. Nilikuwa pale na masikio yangu."

"Mwambie mdomo uliteleza."

"Kwa Kiarabu gani, Mama Kendi? Mimi mwenyewe chote nilicho nacho ni hicho hicho mafi mushkila!"

Alitaka kumzaba kofi. Kisha akaona kwamba mtu yule hakuwa anatania, naye pia Kiarabu chake chote kilikuwa hicho.

Mtihani ulikuja kabla ya mwezi kuisha. Mpimaji alikuwa kocha Nura, msichana wa pale pale, mpole, aliyewahi kuwaletea wahudumu tende kwa mkono wake. Jerusha akalala kifudifudi kwenye mkeka, akaegemeza bunduki, akapumua kama alivyowafundisha wengine. Risasi ya kwanza ilipita vizuri na ikamfinya. Kuanzia hapo mwili haukuwa wake tena. Kabla ya kila mlio bega lilikuwa limeshajikunyata, jicho limeshajifumba, kidole kimeshakimbia. Karatasi ya shabaha ilipoletwa, matundu yalikuwa yameteremka chini ya duara lake.

Kocha Nura akachuchumaa kando yake. "Jerusha. Fi mushkila?"

Safari hii aliushika mdomo wake kwa nguvu zote. "Fi," akasema. "Fi mushkila. Zinad." Akainua kidole. Kilikuwa na malengelenge ya damu.

Kocha akakitazama kidole. Akaitazama kadi ya kijani. Akamwita Oloo, akamuuliza kama fundi alifika na kama mhudumu aliulizwa. Oloo akatazama viatu vyake, akasema ndiyo, aliulizwa. Basi yule msichana, kwa haki kabisa, akaichukua namba saba, akahakikisha haina kitu, akavuta triga mwenyewe. Kidole chake kilikuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti. Kikaingia, kikatoka, hakikuguswa na chochote.

Akaiweka chini taratibu.

"Nzito kidogo," akasema. "Lakini mafi mushkila. Unaogopa tu, Jerusha."

Ungejibu nini? Mtu amekuhurumia, amejaribu mwenyewe, na maneno yako mwenyewe ndiyo yanayokufunga. Jerusha alisema shukran. Alirudisha shati la zambarau likiwa limepigwa pasi.

Al Wukair walimpa kiti cha plastiki, kibanda cha bati, na feni ndogo juu ya kichwa. Magari ya zege yanaingia, magari ya zege yanatoka. Alikuwa amekaa huko wiki chache tu Shamira alipompigia simu, anaongea haraka haraka.

"Nyabo, umesikia? Jana mteja amekaa na saba yako. Bibi mnene, pete kila kidole. Amevuta mara moja, ayy! Amepiga yowe hata sisi tukadhani amejipiga risasi. Abu Rami aliletwa siku ileile, na si siku yake."

"Akafanya nini?"

"Akafungua. Akatoa vumbi limeganda, akabadilisha springi, akasugua ile ncha. Chai aliyopewa haikupoa. Sasa inavuta kama siagi. Na unajua alisema nini? Aliuliza mbona yule mama hakusema."

Jerusha akaugeuza mkono wake. Kidole kilikuwa kimepona, ila ukucha wake ulikuwa umeota na mfereji katikati, na alikuwa na mazoea ya kuupapasa kwa kidole gumba. Juu yake feni ilikuwa imesimama tangu asubuhi. Bati lilikuwa limeshika moto hata ukiliegemea unaruka.

"Nyabo? Upo? Huko kukoje, uko sawa? Hakuna shida?"

"Hakuna shida," akasema Jerusha.

Hata kwa Kiswahili mdomo ulijibu ulivyozoea. Akakata simu, akabaki anaitazama feni.