Kiwanja Kilicholimwa Maharage

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku tulipomwendea Mzee Simkonda kumwomba atuachie shamba la maharage tucheze mpira. Umeniuliza kama chuo chenu kidogo kifufue timu yake iliyovunjwa. Jibu la kisomi sina. Nina habari hiyo ya maharage tu, basi kaa, usiniharakishe.

Wakati ule wa Mwingereza nilikuwa nasomea ualimu katika chuo cha misheni huku Mbozi. Kilikuwa kidogo hasa. Ukipiga chafya bwenini, mkuu wa chuo anakutakia afya akiwa ofisini. Tulijilisha wenyewe. Kila mwanafunzi alikuwa na jembe lake, na ulezi na maharage tuliyokula tulilima kwa mikono yetu. Zamani chuo kilikuwa na timu, ikavunjwa kabla sijafika, na kiwanja chake kikalimwa maharage. Mpira wa ngozi ulibaki stoo, umenywea, panya wakiuonja.

Rafiki yangu Anyosisye, kijana wa kijiji cha Ibaba, alikuwa na mguu ambao sijauona tena maishani. Hata mpira wa matambara ulimtii. Basi akapita jamaa mmoja aliyetoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka pale Tunduma, baiskeli yake inang'aa, akamwambia kwamba migodi ina timu, na mchezaji mzuri hashushwi chini ya ardhi. Tangu hapo Anyosisye akawa chuoni kwa mwili tu.

Aliniambia waziwazi, "Hapa nazeeka bure. Timu ikiwepo, nabaki nimalize. Isipokuwepo, nikivuka mpaka usinitafute."

Niliumia sana. Mama yake alikuwa mjane, na huyo ndiye mtoto wake pekee aliyefika chuo. Halafu nilikuwa nimeshaona vijana wengi wakivuka mpaka ule kwa mbwembwe. Wengine tunawasubiri mpaka leo.

Basi tukaenda kuomba kiwanja. Mkuu wa chuo alisema yeye hana neno, ila shamba liko mikononi mwa kamati ya wazazi. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Simkonda, mzee wa kanisa, Mnamwanga aliyehamia Mbozi kutoka Msangano. Tulimkuta akipogoa mibuni yake. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo, kwa hiyo nikasema kwa niaba ya wote: Jumamosi hiyohiyo tutang'oa maharage, tusawazishe ardhi, tuanze mazoezi.

Mzee akaweka kisu chini. "Maharage yanatoa maua, nanyi mnataka kuyang'oa. Mtakula nini? Magoli?"

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa ananitazama mimi.

"Mnajua timu ya kwanza ilikufaje?"

"Mkuu aliivunja, mzee."

"Mkuu aliizika tu. Ilikuwa imeshakufa. Wachezaji walisamehewa jembe. Wao wanapiga mpira, wenzao wanawalimia, jioni wote wanakula sufuria moja. Mwishowe waliolima wakachoka, wakaliacha shamba na magugu yake, na njaa ikaingia bwenini. Timu iliporudi kutoka Mbeya na ushindi wake, hakutoka hata mtu mmoja kuipokea. Mwanangu alikuwa golikipa, najua ninachosema."

Akaokota kisu chake. "Limeni shamba jingine kule bondeni kwanza. Haya yaacheni yakomae, yavunwe. Kisha anayecheza alime, na anayelima acheze. Mkiyaweza hayo, milingoti ya goli nitaikata mimi mwenyewe."

Tulipofika bwenini Anyosisye alikwenda moja kwa moja kitandani kwake. "Mzee katunyima kwa adabu," akasema, akaanza kufunga kifurushi chake.

Sikumsihi, mwanangu. Mtu wa hasira ukimsihi unamwongezea mwendo. Nilimwambia tu kwamba nimewaita watu kulima bonde, na nimewaita kwa majina yetu wawili. Huku kwetu aliyeita watu kwenye kazi ndiye anayeanza tuta la kwanza. Asipoonekana, jina lake halina mtu wa kulisafisha. Akanitukana kidogo. Kesho yake akaja, amenuna, akaanza tuta la kwanza.

Alilima kwa hasira kama anayepigana na udongo. Wanafunzi wenzetu waliotoka Mbebe, ambao hata salamu tulikuwa tunapeana kwa shida, wakaanza kushindana naye, wakamtania, naye akawajibu. Kabla jua halijawa kali nilimsikia anacheka. Kifurushi kilikaa chini ya kitanda, kimefungwa vilevile, nami kila asubuhi nilikuwa nainama kukichungulia.

Maharage yakavunwa. Mzee Simkonda akaja na shoka, wazazi wakaja na togwa, tukapata kiwanja. Mechi ya kwanza tulicheza na shule kubwa, wana jezi, sisi pekupeku. Tulifungwa vibaya! Kwa sheria ya mzee kila aliyelima alipata zamu yake, hata wale wasiojua goli letu ni lipi. Anyosisye alifunga goli letu pekee. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimtafuta kwa woga, nikijua sasa ataondoka. Nikamkuta amekaa kwenye majani na wale vijana wa Mbebe, anawafundisha jinsi ya kuutuliza mpira kwa unyayo.

"Kesho twende bondeni mapema," akaniambia, "ili jioni tuwahi mazoezi."

Usiku huo alikifungua kifurushi. Alimaliza chuo, akawa mwalimu kwao Ibaba, na mama yake alizeeka akipelekewa kuni na wanafunzi wake.

Kwa hiyo fufueni timu, mwanangu. Ila msianze na jezi, wala msianze kwa kuota kuvifunga vyuo vikubwa. Ulizeni kwanza ile ya zamani ilikufaje, na ni akina nani waliobeba mzigo wakati wengine wanashangiliwa. Kama itabebwa na wengi ili wachache wacheze, iacheni ilale. Lakini kama yule asiyejua kupiga mpira naye atapata zamu yake, anzeni hata kesho, msinisubiri mimi.

Mungu akubariki, akupe marafiki wa kuchoka nao, na akuzeeshe ukiwa na magoti mazima kuliko haya yangu. Amina.