Fundi Aliyekataa Kukosea

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Sentimita kwa sababu akishakupima, habishiwi. Mimi mdogo wake nilimbishia mara moja nikashindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa kama nilivyofurahi safari hii!

Ana utaratibu wake. Vipimo vya wateja wa kudumu ameviandika kwenye daftari, naye hukata nguo kwa kufuata daftari hilo bila kumwita mtu. Anasema mtu mzima habadiliki kiuno kama mtoto wa shule. Kwa miaka kumi na tisa hakuna nguo iliyomrudia. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni mchora mabango, alipompelekea kitambaa cha suti ya harusi ya binti yetu, dada alifungua daftari, akaona kiuno inchi thelathini na nane, akakata.

Mume wangu alipoijaribu suruali pale kibandani na kuinua mikono, ilimshuka hadi magotini. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka wakashikana. Sentimita hakucheka. Alichukua futi, akampima: thelathini na tano na nusu. Akaipunguza suruali. Wiki tatu baadaye nayo ikalegea. Thelathini na nne!

"Mzee mzima umerudi ujana," nilimwambia mume wangu, nikijipiga kifua kana kwamba kazi hiyo nimeifanya mimi. Nilikuwa nimepunguza mafuta jikoni, basi sifa zote nikajipa.

"Mimi sijakosea," dada akasema.

"Nani kasema umekosea?"

"Futi haijakosea, kitambaa hakijakosea, na mimi sijakosea. Aliyekosea ni huyu." Akamnyooshea mume wangu kidole. "Shemeji, unakula?"

"Kama kawaida, shemeji. Hata zaidi."

"Na maji?"

Mume wangu akatazama jagi la maji ya wateja. Alikuwa amelimaliza peke yake, na tangu aingie alishakwenda chooni mara mbili. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia mimi mkewe: siku hizi herufi ndogo anazichora kwa kukisia, kwa sababu macho yanaingia ukungu. Alidhani ni harufu ya rangi.

Nilipandwa na hasira, nakiri. Nilimwambia dada aache uganga wa cherehani, tuna harusi, hatuna nafasi ya kutafutiana magonjwa. Akazima pasi, akachukua kufuli. Kibanda ambacho hakijawahi kufungwa mchana kikafungwa siku hiyo, na suruali za watu zikiwa bado mezani!

Kituo cha afya kiko mwendo wa robo saa. Sentimita alitangulia, futi ikining'inia shingoni. Nesi alimchoma mume wangu kidole, akachukua tone moja la damu, na kabla sijamaliza kuuliza kama inauma, kifaa cha kupimia sukari kikaonyesha kumi na saba, wakati kwa kawaida haizidi nane. Wakampima tena kesho yake asubuhi kabla hajala. Kisukari.

"Atapofuka?" nikauliza. Sikuwa na swali jingine. Mchora mabango akikosa macho, amekosa kila kitu, na nyumba yetu inaishi kwa macho hayo.

"Mama, wengi huja hapa wakiwa na kidonda kisichopona, au jicho limeshaharibika," nesi akasema. "Macho tutayaangalia, lakini huyu mmemuwahi."

Akaongeza kwamba wapo wanaokaa na sukari miaka bila dalili yoyote, ndiyo maana kupima hakusubiri kuumwa. Sentimita aliposikia hivyo akatoa kidole chake palepale, nami nikafuata. Sisi tulikutwa salama.

Tukaanza: vidonge, chakula cha kiasi, matembezi ya jioni. Harusi ikapita, suti ikamkaa vizuri. Lakini ukungu haukuondoka upesi, na nesi alituambia tusikimbilie miwani mpaka sukari itulie, kwani huenda ukungu ukaondoka wenyewe. Wiki nane nzima! Kila asubuhi nilimwona akifumba jicho moja na kujaribu kusoma maandishi ya boksi la dawa ya meno, akiniona analirudisha haraka. Sikuthubutu kumuuliza.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Daktari wa macho alikuwa ameshammulika ndani ya macho wiki iliyopita, akakuta hakuna kilichoharibika. Ilibaki kadi ya herufi ukutani. Mume wangu akasimama kwenye alama ya sakafuni. Akasoma herufi kubwa. Akasoma za katikati. Akafika mstari wa chini kabisa, akausoma wote kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kisha akamgeukia daktari.

"Na hiyo herufi ya tatu aliyeichora ameiharibu. Mguu mmoja mnene kuliko mwingine."

Daktari akaenda mpaka ukutani kuhakikisha. Ilikuwa kweli.

"Inatosha, mzee," akasema huku akicheka.

Dada, aliyetusindikiza, alikuwa amenishika mkono, akinibana hadi vidole vinauma. Mimi nilikuwa nalia bila aibu.

"Haitoshi," nikasema. "Mwache asome tena."