Bundi Niliyemufukuza

Wakati wa vita tulikimbia toka Djugu, tukapanga nyumba Ngezi. Darini kulikuwa bundi. Jirani akaniambia, "Mama, ule ni ndege wa wachawi. Ataita kifo humu!" Siye tulikuwa tumezika watu wa kutosha. Nikamufukuza kwa mawe, nikajisifu.

Kumbe ndiye alikuwa anapunguza panya. Wakazaana, wakala mahindi yetu, kisha nyoka akawafuata humo darini. Asubuhi moja nilimukuta amejikunja kwenye mukeka, karibu na mguu wa mujukuu wangu aliyelala. Nikavuta mutoto, nikakata nyoka kichwa kwa jembe.

Jirani akaja mbio. "Si nilikuambia? Bundi alileta kifo!"

"Nyamaza, weye! Bundi na nyoka walikuwa na dari moja, chakula kimoja: panya. Mimi nilifukuza yule asiye na sumu."