Mikono Iliyonuka Majani Machungu

Aibu hii bora niiseme mimi mwenyewe, sababu wamama wa mutaa wetu wa Kataki wanaisema kila wakienda kuchota maji na kila siku inaongezeka urefu, sasa wanasema nilifukuzwa ku santre ya afya kwa fimbo. Fimbo haikukuwako. Nilifukuzwa kwa kidole. Basi kaeni musikie kwa yule aliyefukuzwa.

Ilianza na mate. Riziki, muke wa mutoto wangu Kabwe, alikuwa anakaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, pale inje asubuhi, mimi nimemupakata mujukuu wangu Amani, mutoto munene wa maziwa matupu, hajajua hata kukaa peke yake, nikaona mama yake anageuka anatema mate. Akatema tena, akaisukuma sahani ya ndagala mbali, akasema harufu inamushinda. Mimi nimezaa, nimewapokea wajukuu kwa mikono hii, mate ya mwanamuke najua yanasema nini (njo vile nilijidanganya), na tena Kabwe anafanya kazi ku boti linaloenda Moba, alikuwa amelala nyumbani mwezi uliopita, na mwanaume wa boti akirudi kwa muke wake, eh, sisi ni watu wazima, tusipoteze muda.

Sasa kwetu tulifundishwa hivi: mwanamuke akishika mimba, maziwa yanakuwa ya yule wa ndani, na yule wa inje akiendelea kunyonya anakunywa kitu kisicho chake, anakonda, anaharisha, munamuzika. Mama yangu aliniambia, na yeye aliambiwa. Hakuna aliyeuliza.

"Riziki," nikamwambia, "titi basi. Huyu mutoto aache leo."

"Juu ya nini, Mama?"

"Uko na mimba."

Akacheka kwa upande mumoja wa kinywa. "Mimba gani tena, Mama? Ni jino linaniuma, mate yanajaa tu."

"Jino! Mimi pia jino liliniuma hivyo hivyo, halafu tukaliita Feza." (Feza ni binti yangu wa kwanza.)

Kama ningeishia pale, yangekuwa maneno ya nyumba moja. Lakini nilichukua ndoo nikaenda ku robine, kule ku bomba la maji, na pale foleni ni ndefu na mudomo wangu ni mufupi wa subira, nikawatangazia wote kwamba Kabwe amepata mutoto mwingine, na kwamba mimi simuachii mutoto anywe maziwa yaliyooza, namuachisha leo leo. Wakapiga vigelegele. Mama Sifa, jirani yetu, naye ana kachanga mugongoni, akanisogelea polepole: "Na mimi je, Bibi? Tangu Jumapili nasikia kichefuchefu."

"Achisha," nikamwambia. Vile vile, kama muntu anayegawa chumvi.

Na nikishasema mbele ya watu mimi sirudi nyuma, wanaonijua wanajua. Nilichuma yale majani machungu ya kutibu tumbo, nikayaponda, nikayakamua kwa mikono mpaka vidole vikawa kijani, nikamuita Riziki. Mama yake mwenyewe yuko mbali, kule Mpala, na simu ya Kabwe katikati ya ziwa haipatikani, hakuna wa kumutetea, basi akakaa ku kiti, akafungua blauzi, mimi nikamupaka matiti yote mawili. Amani akawekwa ku titi na furaha yake yote, kinywa wazi. Akaonja. Sura ile sitaisahau, alinitazama mimi, si mama yake, mimi, kisha akalia kilio cha muntu aliyeibiwa. Riziki akalia naye. Mimi nikakoroga buyi, uji wa mahindi, nikaanza kumulisha kwa kidole.

Usiku wa kwanza alilia. Siku iliyofuata tumbo likamufunguka. Riziki akasema twende ku santre, nikasema ni meno yanataka kutoka, nikapaka tena yale majani asubuhi maana nilimukuta anamunyonyesha kwa kujificha nyuma ya jikoni. Ilipofika jioni mutoto hakulia tena. Na munajua, mutoto akilia unakasirika, lakini akiacha kulia namna ile, macho yameingia ndani, na ile sehemu laini ya kichwa imebonyea, unakitamani kile kilio. Niliweka kidole mbele ya pua yake kupima kama anapumua. Sikumwambia Riziki kwamba nilipima.

Kulipokucha tu tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, Riziki katikati na mutoto, mimi nyuma nimemushikilia. Na bahati yangu mbaya, ile ilikuwa siku ya kupima kilo, kwa hiyo ubaraza wa santre umejaa wamama wa avenue yetu na watoto wao, wote walewale wa robine. Wakatuachia nafasi mbele. Hapo ningeingia kimya, kama muntu mwenye mugonjwa. Lakini nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nasema kwa nguvu. "Infirimiye," nikamwambia muuguzi kabla ya salamu, "huyu mwanamuke ana mimba, maziwa yake yameharibika, yamemudhuru mutoto kabla sijawahi kumuachisha, mumupe dawa!"

Infirimiye, mama mumoja mwembamba, alinipita tu. Alimushika Amani, akavuta ngozi ya tumbo, akaangalia ulimi, akaanza kumutonesha maji ya chumvi na sukari kinywani kwa kijiko, tone na tone, huku anauliza Riziki maswali kwa sauti ndogo, na mwingine akamupeleka Riziki kupima mukojo. Tukangoja. Kile kijiko kinapanda, kinashuka. Mutoto anameza, hamezi, anameza. Ubaraza wote unatutazama.

Riziki akarudi. Infirimiye akaangalia kile kipimo, akamwambia Riziki apanue kinywa, akamulika na tochi.

"Hakuna mimba," akasema. "Kuna jino limeoza, huku nyuma."

Kuna mumoja akacheka pale nyuma. Kisha wawili. Kisha infirimiye akauliza, na sauti yake sasa si ndogo, "Nani aliwaambia muache kumunyonyesha mutoto wa umri huu?" Riziki akaangalia chini, hakunitaja, Mungu amubariki. Lakini Mama Sifa akasimama na kachanga kake, machozi yanamutoka: "Ni Bibi! Na mimi aliniambia ku robine, na mimi nimeachisha, wangu pia anaharisha!"

"Na mimi pia alitaka kuniambia," mwingine akadakia, "ila maji yalikatika." Wakacheka tena, lakini hakikuwa kicheko cha kucheka pamoja nami.

Nikasema mimba inaharibu maziwa, kila muntu anajua. "Bibi," infirimiye akasema, "hata kama angekuwa na mimba, maziwa ni maziwa, mutoto ananyonya. Mpaka miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji. Hiyo buyi yenu njo imemuharibu tumbo. Sasa acheni maneno, mutoto arudi ku titi, hapa, sasa hivi, la sivyo tunamupeleka hospitali kubwa, na sijui kama njiani atafika."

Sijui kama atafika. Nilisikia hayo tu, mengine yote yakawa kelele.

Riziki alifungua blauzi. Amani akageuza uso. Riziki akawaambia habari ya yale majani. Wakamuosha matiti kwa maji ya moto na sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, wakamukamulia maziwa ku mudomo, mutoto anakunja uso, anajinyonganyonga, anatoa kile kilio chembamba cha paka. Mimi niko pale nimeinama, nimeshika kichwa chake kwa mikono miwili nakisukuma kwa mama yake, "Nyonya, Amani, nyonya mujukuu wangu, nyonya," na nikisukuma anazidi, na nguvu zinamuisha. Infirimiye akatutazama. Akashika mukono wangu, akauvuta mpaka ku pua yake, akanusa.

"Ni weye," akasema.

"Mimi nini?"

"Matiti yameoshwa. Weye hujaoshwa. Mutoto anasikia harufu ya yale majani kwako." Akanyosha kidole ku mulango. "Toka, Bibi. Enda kule mbali, ku ukuta."

Mimi, niliyemupokea mutoto huyu kabla mama yake hajamuona, nilipita katikati ya wamama wote wale, wanavuta magoti nipite, hakuna aliyecheka sasa na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, nikaenda nikasimama ku ukuta wa santre karibu na mbuzi wa jirani. Nikanusa mikono yangu. Kweli. Hata kitenge changu kilinuka.

Kutoka pale nasikia kilio tu. Kinapanda, kinashuka. Kisha kikakatika.

Ndugu zangu, mutoto mugonjwa akinyamaza, muntu aliye inje hajui amenyamaza kwa ajili gani. Nilitaka kukimbilia mulango, nikajizuia, maana kama ananyonya na mimi naingia na harufu yangu, nitamuua mara ya pili. Nikakaa chini pale pale ku vumbi. Mbuzi akaja akanilamba vidole, akatema, akaondoka.

Mulango ukafunguka. Mama Sifa. Nilimutazama kinywa, sikuweza kutazama macho.

"Ananyonya, Bibi," akasema. Kisha haraka haraka, mikono mbele: "Usiingie!"

Sikuingia. Nilikaa inje mpaka jua likanihamisha, na kachanga ka Mama Sifa nako kalirudi ku titi siku ile ile. Nyumbani nilisugua mikono kwa majivu, kwa ndimu, kwa muchanga wa ziwa, Kabwe aliporudi na boti akanikuta nasugua, Riziki akamueleza yote, na yeye aliondoka akaenda kukaa ufukweni, hakunisalimia mpaka kesho yake. Alikuwa na haki. Riziki aling'olewa jino. Lilikuwa jino kweli. Na siku moja, bila kuombwa, alikuja akamuweka Amani ku mapaja yangu, akasema, "Mushike, Mama," na mutoto alinusa kidole changu muda mrefu, mimi sipumui, kisha akakishika.

Sasa ku robine wananichokoza: "Bibi, huyu je, ana mimba?" Nawaambia mimi sitasema tena mwanamuke ana mimba mpaka nione tumbo linapita mulango mbele yake. Na akija mwenye mutoto muchanga anataka shauri, namunyoshea kidole, kile kile nilichonyoshewa, kuelekea ku santre. Kisha nachota maji yangu narudi nyumbani.