Mama Vifungo na Mashati ya Kipaimara

Mama Vifungo hakulipenda neno "msaada". Ulitaje mbele yake, ndani ya kile chumba cha nguo nyuma ya kanisa, uone atakavyokukata jicho mpaka ulimeze. "Hapa tunatoa nguo," angekwambia. "Msaada kawaulize zimamoto."

Chumba chenyewe kilikuwa cha kitengo cha diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, cha usharika wao wa Kilutheri, na kilikuwa kidogo, mtu mnene anaingia kwa ubavu. Rafu ukutani, pasi juu ya meza, cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, na mlangoni mifuko ya nguo walizoleta washarika. Yeye alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mjane, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali. Alipoacha kushona za biashara, akahamishia miguu yake kwenye cherehani ya kanisa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Jina la Vifungo alipewa na wenzake. Nguo iliyochoka kabisa hakuitupa mpaka aikate vifungo vyote, avitie kwenye kopo. Na nguo iliyotoka mikononi mwake haikutoka na kifungo pungufu. Haikutoka bila pasi. Haikutoka ikinuka sanduku. Alikuwa anazipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na akifika hasemi "tumekuletea msaada", anasema "nimekuletea nguo yako", kana kwamba uliiacha kwake wiki iliyopita ipunguzwe kiuno.

Ukali wake sasa! Kuna mzee wa kanisa mmoja, mtu na heshima zake, alileta suruali iliyochanika nyuma kutoka kiunoni hadi mapajani. Mama Vifungo aliipokea. Aliifua, akaipiga pasi, akaikunja vizuri, na Jumapili ibada ilipokwisha akamsubiri mlangoni. "Baba, umesahau suruali yako."

"Ile nimewatolea maskini, mama."

"Maskini naye ana makalio, baba."

Watu walicheka mpaka mchungaji akajifanya anakohoa. Lakini tangu siku hiyo mifuko iliyoletwa ilikuwa safi, nakwambia.

Huyo ndiye Mama Vifungo. Sasa sikia kilichompata.

Mwaka jana macho yake yalianza kuingia ukungu. Mwanzoni alilaumu miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akalaumu balbu, akanunua nyingine. Kisha akalaumu dirisha. Vitu vya kulaumu vilipokwisha, akaenda kwa daktari kimyakimya, na daktari akammulika tochi akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akifanyiwa upasuaji ataona. Akikaa hivihivi, giza litaongezeka. Gharama zake hakuwa nazo.

Zipo njia. Usharika ulikuwa na daftari la wahitaji, na wagonjwa wangapi walitibiwa kwa kuandikwa humo! Mama Vifungo mwenyewe alikuwa amewapeleka watu kwa mdiakonia, yule binti mpole anayelishika daftari, na kumwambia "huyu mwandike". Lakini aandikwe yeye? Yeye? Alijiambia kwamba mkono uliozoea kutoa ukigeuzwa kiganja juu unakauka. Hiyo si methali ya mtu yeyote, aliitunga mwenyewe ili apate kisingizio.

Na kulikuwa na hofu nyingine, kubwa zaidi. Wakijua haoni, watamwondoa kwenye cherehani. Kwa upole kabisa, tena kwa maombi. Watampa kiti cha mbele na soda, watamwita "mama yetu", na kazi atapewa mwingine. Binti yake naye akisikia atakuja kumchukua akakae kwake, awe bibi wa kuangaliwa. Kwa hiyo akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na cherehani ya kunyang'anywa.

Akaanza ujanja. Sindano alikuwa anampa mtu yeyote anayepita: "Hebu nitilie uzi, mkono wangu umelowa." Mkono ukawa umelowa mwaka mzima. Rangi aliuliza kwa kutega: "Hii unaionaje, inafaa uzi gani?" Kingine chote alikifanya kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa na akili kuliko macho ya wengi.

Ukafika msimu wa kipaimara. Watoto wanaothibitishwa imani yao kanisani huvaa nyeupe, na kila mwaka wapo ambao wazazi wao hawana cha kuwavalisha. Mwaka huu walikuwa kumi na wawili: mashati saba, magauni matano. Mdiakonia alileta vitambaa na vipimo, akauliza kwa adabu, "Mama, utaweza? Au tutafute fundi wa kukusaidia?"

"Wewe mtoto, ulipokuwa unanyonya mimi nilikuwa nashona magauni ya maharusi."

Basi akaachiwa. Lakini uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kwa jicho lenye ukungu, jamani! Hakuona mshono, hakuona pindo, hakuona lolote. Alikanyaga cherehani kwa wiki mbili akipapasa, mgongo unamuuma, na kila nguo iliyokwisha aliipitisha shavuni kuhakikisha haina mkunjo. Akazipiga pasi, akazipeleka zote kumi na mbili kwa miguu yake. Wazazi walipokea, wakashukuru, wakasifia. Hakuna aliyesema kitu. Akarudi nyumbani amechoka lakini moyo mweupe.

Alhamisi, siku tatu kabla ya kipaimara, akakumbuka amesahau soksi za pacha wawili waliokuwa kati ya wale kumi na wawili. Mama yao, ambaye kila mtu humwita Mama Pacha, ni mfua nguo za watu. Miaka mitatu iliyopita mumewe alimwacha na watoto wawili na godoro, na Mama Vifungo ndiye aliyemfikia wa kwanza, na blanketi mkononi. Akachukua soksi, akaenda.

Alifika kwenye ua, mdomo uko wazi apige hodi, akasikia sauti. Krr. Krr. Krr. Wewe na mimi tungedhani ni panya. Lakini fundi aliyeshona miaka arobaini anaijua sauti ya wembe unapokata mshono. Akasimama palepale nyuma ya nguo zilizoanikwa.

"Hebu ona hili," ilisema sauti ya mwanamke, inazuia kicheko. "Mkono wa shati ameuziba. Mwanangu angevaa, ngumi ingebaki humohumo."

"Usicheke wewe. Lete wembe." Huyo alikuwa Mama Pacha. "La kwangu moja kaliunga shingo na bega. Jingine halina tatizo, ila kola iko ndani nje."

"Gauni langu ni zima," alisema wa tatu, "ila matundu ya vifungo yako pande zote mbili, vifungo hakuna pa kuviweka."

Wakacheka, wakaendelea kufumua, za kwao na za wenzao. Kisha Mama Pacha akasema taratibu, "Mwaka wa pili huu tunamfumulia. Mdiakonia asijue. Akijua tu, watamnyang'anya cherehani, na yule mama bila cherehani atakufa."

 Soksi zilimdondoka Mama Vifungo. Angeweza kugeuka akaondoka, hakuna aliyemwona. Lakini damu ilimpanda, na damu yake ikipanda huwa haishuki bila kusema. Akalisukuma shuka lililoanikwa, akaingia.

"Nani kawapa ruhusa ya kufumua kazi yangu?"

 Aliona vivuli vitatu vimekaa chini, na weupe mapajani mwao.

"Nauliza! Kama shati baya, si mnirudishie? Mnanicheka uani kama mtoto?"

"Mama," alisema Mama Pacha, akainuka, akamshika mkono kumkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa. "Kaa kwanza. Tungekurudishia, ungeshonaje tena?"

 Alikaa. Aliinyoosha mikono yake, na Mama Pacha, bila kuambiwa, akamwekea shati moja. Vidole vikapita begani, vikapita kwenye kola, vikafika kwenye mkono ulioziba. Vikasimama hapo. Wakati wa kuupiga pasi aliupapasa mkono uleule na kuuona sawa, kwa sababu alitaka uwe sawa. Machozi yakaanza kumtoka, bila kelele, na hakuyafuta.

"Tangu lini?"

"Tangu sare za shule ulizotushonea mwaka jana. Mimi sikujua hata kushika sindano, mama. Nimejifunza kushona kwa kufumua za kwako. Naangalia ulivyotaka kufanya, nafanya hivyo."

"Daktari anasemaje?" aliuliza yule wa gauni. Maana walikuwa wanajua, wanawake wanajua.

Akawaambia. Mtoto wa jicho, upasuaji, gharama. Mwaka mzima alikuwa hajalitamka jambo hilo kwa mtu, na lilipomtoka lilikuwa dogo kuliko alivyodhani.

"Sasa si uandikwe kwenye daftari!" alidakia yuleyule.

"Mimi?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi ni wa kuandikisha watu. Siwezi kuandikwa. Nitatembeaje pale kanisani? Nitaona aibu."

Mama Pacha aliweka wembe chini. Alipofungua mdomo, sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Siku ile ulipoingia kwangu, mume kaniacha, nimejifungia ndani, sitaki mtu anione. Ukanipa blanketi ukaniambia, mwanangu, kupokea si aibu. Nikakuamini. Nikatoka nje kwa neno lako hilo. Leo unaniambia ni aibu. Sasa mama, ulinidanganya?"

Ee Mungu wangu. Mama Vifungo alikuwa na jibu la kila mtu: wazee wa kanisa, matajiri, hata mchungaji mwenyewe. Kwa mfua nguo huyu alibaki kulikunja shati na kulikunjua. Alikaa juu ya ile ndoo na shati mapajani, huku wale watatu wakirudi kwenye kazi yao, kwa sababu Jumapili haisubiri. Alipoondoka hakuaga vizuri.

Jumapili akaenda kanisani, akakaa benchi la katikati. Mama Pacha akaja akakaa karibu naye, wala hawakuzungumzia jambo lile. Watoto walipoanza kupita katikati, yeye aliona weupe tu ukisogea. Akauma midomo. Kisha akasikia mnong'ono sikioni.

"Wa kwanza huyo, mtoto wa fundi viatu. Shati limemkaa. Wa pili binti wa muuza mkaa, gauni linamfikia hapa chini ya goti, anatembea kama malkia. Hao sasa ni wanangu. Wote wawili wanakutafuta kwa macho, mama. Wapungie mkono. Kushoto. Kushoto kidogo. Haya."

Akawapungia. Hakuwaona, lakini aliambiwa wamecheka, na akalia tena, na safari hii hakujali nani anamwona.

Ibada ilipokwisha, watu wakimiminika nje kupiga picha, akamwambia Mama Pacha ampeleke kwa mdiakonia. Binti yule alikuwa anapanga viti, akafurahi.

"Mama, nguo zimependeza! Asante sana."

"Shukrani za kunipa mimi ni chache, nitakueleza. Chukua daftari kwanza. Kuna mtu wa kuandika."

"Nani tena, mama? Mjane? Mgonjwa?"

"Vyote viwili. Andika jina langu."

Mdiakonia alicheka, akidhani ni utani wake wa kawaida. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka, akavuta kiti. Mama Vifungo alimweleza kila kitu, mikono iliyoziba na yote, huku Mama Pacha amemshika kiwiko. Alingoja kuambiwa habari ya kiti cha mbele na soda. Mdiakonia aliandika tu. Mwishoni akasema, "Utaratibu unaujua, mama. Kabla ya yote, tunamtembelea mtu nyumbani kwake. Jumanne tutakuja."

Aliujua. Yeye ndiye aliyeutunga.

Jumanne alifagia nyumba mara tatu. Alibadilisha kitambaa cha meza, akakirudisha cha zamani asije akaonekana anajiweza, akakibadilisha tena asije akaonekana mchafu. Alikaa, akasimama, akakaa. Miaka yote hiyo ameingia kwenye nyumba za watu na kifurushi mkononi, na hakuwahi kujua kwamba mtu wa ndani hukaa hivi, anasikiliza viatu vya watu njiani kama vinapita au vinasimama.

Vikasimama.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mdiakonia.

Mama Vifungo akashika ukingo wa meza. 

"Hodi humu ndani!" Ya pili. Nyuma yake akasikia Mama Pacha anakohoa, na mmoja wa wale pacha anaambiwa asimame vizuri.

Alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mgeni hugeuka akaenda zake, na hakuna wa kumlaumu. Angekaa kimya tu, kidogo tu, ingekuwa imepita.

"Hodi, mama?"

"Karibuni," alisema Mama Vifungo, akainuka kwenda kuwafungulia. "Karibuni ndani. Nilikuwa nawasubiri."