Wimbo Uliofuata Salamu za Kaka

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole.

Tuliishi Chinongwe. Kaka yangu alikuwa Dar es Salaam, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, alituma salamu kwa kaseti. Ililetwa na utingo wa lori la korosho. Tuliiweka kwenye redio ya mjomba, ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Kaka alimsalimia kila mtu, akasema yeye ni mzima, akanyamaza. Hakusema kama atarudi, na mama alikuwa akingoja neno hilo tu.

Mara likaanza gitaa. Ulikuwa wimbo wa Kizungu, umeanzia katikati. Mwimbaji alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka usingizini, na magitaa yalivuma nyuma yake kama mvua inayokuja kutoka mbali.

Hatukujua kwamba kaka alirekodi juu ya kaseti ya mtumba iliyokuwa na nyimbo tayari. Tuliamini kuwa aliloshindwa kulisema ameliweka ndani ya wimbo. Jioni, tukibangua korosho, mama aliomba uchezwe tena. Shangazi akasema huyo anayeimba kakimbiwa na mke. Mimi sikuelewa hata neno moja, lakini niliiona njia ya Narung'ombe, vumbi jekundu likielea, nami nimebebwa mgongoni kwa kaka, nasinzia.

Likizo ilipofika, mama alibeba redio hadi kwa kijana wa jirani aliyefundisha sekondari Nachingwea. Alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Anakumbuka nyumba aliyokulia," akasema. "Anaona hata akirudi, atakuta wanakaa watu wengine."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, mama."

Tuliporudi nyumbani mama alitaka kujibu. Kaseti nyingine hatukuwa nayo, na sauti ya mwanawe hakukubali ifutwe, kwa hiyo tukarekodi juu ya wimbo. Nilibonyeza kitufe.

"Mwanangu, wimbo wako tumeusikia. Chumba chako kipo. Wanalala kuku tu, nao nitawatoa."

Nilitazama utepe ukizunguka, nikijua kila neno la mama linakula kipande cha wimbo, hadi ukaisha wote.

Utingo aliirudisha kaseti Dar es Salaam, na kaka akarudi kabla mikorosho haijachanua. Alisema ni wale kuku waliomrudisha. Aliwacheka hadi akajifuta machozi. Kisha akauliza, "Lakini wimbo gani, mama?"

Mama aliendelea kufagia chumba. Nikamwimbia kaka nilichokumbuka, kwa aibu, nikitazama ukuta. Akatikisa kichwa. Hakuwahi kuusikia.

Bado unanijia nikiwa shambani peke yangu. Msomaji, kama unaujua wimbo wa namna hiyo, tafadhali niandikie. Niambie unaanzaje, maana mwanzo wake ulikuwa chini ya salamu za kaka.