Rundo la Viraka Nyuma ya Pazia

Kompyuta ililetwa kwetu Kiganjo imefungwa kwa blanketi, Jumamosi asubuhi, nyuma ya pikapu ya mwenye ofisi. Nilikuwa katika eda ya mume wangu. Sikuwa nikitoka, na mwanamume asiye ndugu yangu hakuwa akikaa nami chumba kimoja. Mama mkwe alikuwa ameshamuuliza mwalimu wa madrasa, naye akasema kazi ya lazima inaweza kufanyika nyumbani, ila heshima ya eda ilindwe. Basi kompyuta ikawekwa chumbani kwangu, juu ya meza ya cherehani, na mlangoni pakaninginizwa pazia. Mimi upande huu. Upande wa sebuleni kijana tuliyefanya naye kazi, Mkikuyu wa Kimbo, akiwa na rundo la karatasi zilizochapishwa. Katikati, juu ya mkeka, mama mkwe na tasbihi yake.

Mwenye ofisi hakuingia. Alisimama uani akasema kwa sauti ili nisikie, "Pole sana, mama. Nitairudia alasiri. Kitakachokuwa kimeingia, kimeingia. Kitakachokataa, tutaenda bila hicho. Jumatatu chama kinapima maziwa na hiyo mashini."

Nieleze kazi yenyewe. Ofisi yetu ilikuwa Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa na programu ya kupima maziwa ya chama cha wafugaji, lakini hatukuiandika sisi. Iliandikwa na watu wa mbali, nao walituuzia pamoja na maandishi yake ya ndani ili tuweze kuirekebisha. Hatukuwa tukiyagusa maandishi yao moja kwa moja. Kila badiliko tuliliandika katika faili lake dogo, linalosema toa mistari hii, weka hii mahali pake. Faili hilo tuliliita kiraka. Viraka vilipandishwa kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kilisimama juu ya vilivyo chini yake. Ukitaka kutoa cha katikati, sharti ushushe kwanza vyote vya juu, kimoja kimoja. Watu wa mbali walipotuletea toleo jipya, tuliweka toleo hilo chini kisha tukalipandisha rundo lote upya juu yake.

Vingi vya viraka vile alivitengeneza mume wangu. Mimi niliishia kidato cha pili. Niliajiriwa pale kuingiza namba za wafugaji, naye akanifundisha kupandisha na kushusha viraka na kuangalia kama vimeshika. Kuviandika sikujua.

Toleo jipya lilikuja wiki aliyolazwa hospitali na homa ya mapafu. Hakuliona.

Ningependa kusema kiraka nilichokihofia kilikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa cha maziwa ya jioni. Watu wa mbali walidhani mfugaji huleta maziwa mara moja kwa siku. Huku kwetu huleta asubuhi na jioni, na ile programu ilipopokea ya jioni ilifuta ya asubuhi. Mume wangu aliandika kiraka cha kujumlisha. Hicho ndicho alichojivunia. Alipokuja nacho nyumbani siku ile, aliniambia habari zake nikimkaangia mayai, na mayai yakaungua.

Tulianza vizuri. Kijana alinisomea majina ya viraka kutoka kwenye karatasi zake, mimi nikapandisha. Kila kimoja kiliposhika, nilisema "kimeshika," na mama mkwe akasema "alhamdulillahi," na kijana akachora alama. Wiki ile stima ilikuwa ikikatika mchana bila taarifa. Kwa hiyo baada ya kila kiraka niliihifadhi kazi katika programu ya kutunza matoleo, ili tukizimikiwa turudi pale tulipofika. Kila taa ilipopepesa niliinua macho.

Kisha nikapandisha kiraka cha maziwa ya jioni, na mashini ikakikataa. Iliandika kwamba haikuiona mistari iliyotakiwa kuondolewa, ikaviweka vipande vyote kando katika faili la mabaki.

"Kimekataa," nikasema.

"Chote ama nusu?" akauliza kijana.

"Chote."

"Ai. Ni hii toleo mpya, shem. Wamebadilisha hapo kwa kupima."

Nikajaribu tena. Nikashusha, nikapandisha. Kikakataa tena.

"Wewe kijana," akasema mama mkwe, "hiyo kompyuta yenu ina kiburi kuliko bibi harusi. Imesharudisha posa mara mbili."

"Shosho, hii hata mbuzi za mahari haitaki."

Alicheka mwenyewe kidogo, akaacha. Nadhani alikumbuka yuko nyumba ya msiba.

Tukalisoma lile faili la mabaki. Mimi nilisoma kwenye kioo, yeye akafuata kwenye karatasi za toleo jipya. Nilimsikia akizigeuza, halafu akizirudisha nyuma. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mama mkwe akaenda kuswali na kijana akatoka kukaa uani, kwa kuwa bila mama pale katikati hakukuwa na mazungumzo. Nami nikaswali. Mama aliporudi, kijana akarudi, akasema lile nililolijua kuwa linakuja.

"Shem, usikasirike. Tukiruke hicho. Tupandishe zile zingine zote, halafu mimi Jumatatu nitaandika kingine cha jioni."

"Jumatatu wanapima."

"Basi kesho."

"Kesho mashini iko kwa chama, imefungiwa."

"Hata mimi najua. Lakini alasiri hiyo inakuja, na mzee akifika hangojei mtu. Tukibaki hapa tutakosa hata hizo zingine."

Alisema kweli. Wafugaji wangepoteza maziwa ya asubuhi siku moja, labda mbili, halafu yangeandikwa upya kwa mkono. Si msiba. Nami sitasema nilikuwa nikiwafikiria wafugaji. Nguo za mume wangu zilikuwa zimeshatolewa sadaka, kitanda kimegeuzwa upande. Nilifikiri kwamba kikitolewa hiki leo, hakuna atakayekirudisha. Kingekaa nje ya rundo, toleo jingine lingekuja, na mtu angekifuta kwa kuwa hakijulikani ni cha nini.

"Nipe mpaka mzee afike," nikasema.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Amesema mpaka afike."

Nikashusha viraka viwili vya mwisho kushika, nikaanza kumsomea majina kuanzia hapo kwenda juu. Majina yetu yalikuwa tarehe na saa. Betri ya saa ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila mtu aliandika saa yeye mwenyewe, na kwa majina hayo ndivyo tulivyojua kipi kinatangulia. Zamani mume wangu alikuwa akipandisha kwa kichwa chake, hatazami majina.

"Hapa kuna viwili vya siku moja," nikasema. "Cha jioni, cha saa tatu asubuhi. Halafu chako, cha saa tano."

"Eeh. Chake chini, changu juu. Changu ni kile cha majina ya vituo."

"Siku gani hiyo?" akauliza mama mkwe. Tarehe hakuwa akizifuata, alizifuata siku.

"Ile Jumanne uliyopelekwa macho, mama."

Tasbihi ikanyamaza. "Jumanne ya macho, saa tatu, mwanangu hakuwa ofisini. Saa tatu alikuwa amenishika mkono kwenye foleni ya hospitali hapa Thika. Walinitia dawa nikawa sioni hata vidole vyangu. Tumetoka pale adhuhuri. Alinifikisha nyumbani, akanywa chai amesimama, akaenda zake Ruiru."

Nikaitazama ile namba mwishoni mwa jina la kiraka. Tisa. Nilikuwa nimeisoma kama mashini inavyohesabu saa, kuanzia usiku wa manane, na tisa ya mashini ni saa tatu yetu ya asubuhi.

"Uliandikaje saa wewe?" nikamuuliza kijana.

"Nilitoa kwa hii saa yangu ya mkono. Inaonyesha kumi na moja, nikaandika kumi na moja."

"Yeye aliandika tisa. Saa tisa. Saa tisa ya mchana."

Nikamsikia akipiga paji la uso. "Atiriri. Kwa hivyo alikuja akapata changu kimeshaingia."

"Akajenga juu yake."

"Na sisi tumeweka yeye chini yangu. Anatafuta mistari yangu na haijawekwa bado."

Ilikuwa hivyo tu. Toleo jipya halikuwa na kosa. Vilevile hakuna aliyekosea kati yao wawili. Kila mmoja aliandika saa aliyokuwa nayo.

Nikavirudisha vile viwili nilivyovishusha, nikakiacha cha jioni kando. Nikapandisha cha kijana, kikashika. Taa ikapepesa, picha kwenye kioo ikasinyaa kisha ikarudi. Nikahifadhi. Nje nilisikia pikapu ikiingia kwenye uchochoro, na honi. Nikapandisha cha maziwa ya jioni. Mashini ikakaa. Ikaandika kwamba sehemu ya kwanza imeshika, ila imeikuta mistari mitatu chini ya pale ilipotarajiwa. Sehemu ya pili imeshika. Ya tatu imeshika.

"Kimeshika," nikasema, lakini sauti haikutoka. Mama mkwe alisogeza pazia kidogo akaniangalia, akalirudisha.

"Kimeshika," akamwambia kijana.

Tulivipandisha vilivyobaki mwenye ofisi akiwa uani, akigonga bodi ya gari kwa pete. Vyote viliingia. Kijana akasema tupime kidogo, nikaingiza maziwa ya mfugaji wa kubuni, ya asubuhi na ya jioni. Yakajumlishwa.

Kabla ya kuzima, kijana akasogea karibu na pazia. "Shem, moja tu. Hiyo jina lazima tubadilishe. Tukiacha hivyo, toleo ikikuja ingine mtu atapanga vibaya tena. Andika kumi na tano."

Nilijua hivyo kabla hajasema. Tangu afariki sikuwa nimebadilisha chochote alichokiandika. Vidole vyangu vilikaa juu ya vitufe.

"Kuna nini?" mwenye ofisi akauliza kutoka uani.

"Anamalizia," akasema mama mkwe. Kisha, polepole, kwangu: "Inataka nini hiyo?"

"Inataka nifute tisa yake, mama."

Akafikiri. "Mchana ule ulikuwa ni uleule. Andika wanavyosoma wao."

Nikafuta tisa, nikaandika kumi na tano. Programu ya kutunza matoleo ikaniuliza, kama kawaida yake, badiliko hili limefanywa na nani na kwa sababu gani. Nikaandika jina langu. Kwenye sababu nikaandika: aliyekitengeneza alifika ofisini mchana, alikuwa amempeleka mama yake macho.

Nikazima. Nikaingia nyuma ya kabati ili waingie, wakaifunga mashini kwa blanketi lake na kuitoa nje. Kijana alisema kwaheri akiwa ameshafika sebuleni, kwa sauti ya kawaida, kama tulivyokuwa tukiagana Ruiru jioni. Pikapu ikaondoka. Mama mkwe alilishusha pazia, akalikunja, akaniuliza kama nimekula.